Vitabu Vitatu vya Kifo Kimoja

Vitabu vyangu vitatu vinauzwa kwenye duka letu la pembejeo hapa Omurushaka, rafu moja na dawa ya kupe. Mume wangu ndiye aliyevipanga hapo, kwa sababu rafu ile haipigwi na jua. Mteja akiuliza vinahusu nini, humjibu kwamba kimoja ni cha muziki, kimoja ni cha uongo na kimoja ni cha mauaji, halafu humuuliza kama atahitaji na chumvi ya mifugo. Wengi huchukua chumvi.

Nikikutana na waandishi wenzangu wa mjini huniuliza inakuwaje mtu mmoja arukeruke namna hiyo: historia ya jazi, kisha riwaya, kisha jinai. Huwa najibu kwamba napenda mambo mengi. Si kweli. Vyote vitatu vinamhusu mtu mmoja, mpiga gitaa aliyekufa nikiwa bado msichana wa shule ya msingi, ambaye sikuwahi kuzungumza naye hata mara moja.

Kitabu cha kwanza kilianza kwenye msiba wa baba. Watu wa Ihembe walimjua baba kama mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kukemea watoto wanaocheka ibadani. Lakini ujanani alikuwa akipuliza saksafoni kwenye bendi ya jazi ya hapa Omurushaka. Neno jazi kwetu halikuwa na mambo mengi. Lilimaanisha gitaa, saksafoni, ngoma, na vijana waliovaa suruali zilizopanuka miguuni, wakapanda nyuma ya pikapu na kwenda kupiga kwenye harusi za watu mpaka Kyerwa. Wazee wenzake wa bendi waliokuwa bado hai walikuja kuzika, na tulipomaliza kula wakaanza kubishana ni nani aliyetunga wimbo wao uliovuma zaidi. Kila mmoja alisema ni yeye. Mmoja aliomba baba aitwe kutoa ushahidi, kisha akakumbuka tulikuwa tumetoka kumzika.

Niliona wakiendelea kufa hivyo, mabishano yote yatapotea. Nikaanza kuwatembelea mmoja mmoja na simu yangu ya kurekodia. Nilikaa kwenye vibanja vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, nikatafuna punje za kahawa kavu walizonikaribisha nazo, nikasikiliza. Juu ya wimbo ule niliandika kwamba ulitungwa na bendi nzima, na hakuna aliyeridhika.

Aliyenisaidia kuliko wote hakuwa mwanamuziki. Alikuwa dereva wa ile pikapu, mzee mwembamba aliyekuwa anaishi Ihembe, mwendo mfupi kutoka kwa baba. Alikumbuka kila barabara iliyowanasa kwenye tope na kila nyumba iliyowanyima chakula. Siku ya mwisho ya mazungumzo yetu alitoa bati la biskuti lenye picha za zamani, akazipekua taratibu, akanichagulia moja. Ilikuwa ya kijana aliyeketi nyuma ya pikapu na gitaa mapajani. Nikamuuliza ni nani, akasema ni mpiga gitaa wa pili, yule aliyekuja baada ya wa kwanza kufa. Akaniambia picha hiyo niiweke kitabuni, na niiweke kubwa.

Niliiweka ukurasa mzima. Na huyo wa kwanza nilimpa sentensi moja: kwamba alikwenda na wenzake kupiga kwenye harusi huko Songambele, akakanyagwa na ng'ombe alfajiri, akafariki, na nafasi yake ikachukuliwa. Ndivyo baba alivyokuwa akisimulia, na ndivyo wote walivyonisimulia, kwa maneno yaleyale. Wakati ule sikuona ajabu kwamba watu wasioweza kukubaliana juu ya wimbo mmoja walikubaliana hivyo juu ya kifo.

Vitabu vilifika kwa basi, vikiwa vimefungwa pamoja na spea za pikipiki. Tuliuza vichache baada ya ibada, vingine tukaviweka dukani. Siku zikapita. Halafu asubuhi moja akaingia mama mmoja mrefu, mtu mzima sana, aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri na kubeba kitabu changu kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama ni mimi mwandishi. Nilipokubali akakiweka kitabu kwenye kaunta na kukifungua. Kurasa zilikuwa zimejaa wino mwekundu.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Songambele. Alinipitisha kwanza kwenye makosa. Kuna mahali nilikuwa nimechanganya wakati uliopo na uliopita. Kuna mahali nimeandika saksafoni kwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja. Mteja alikuwa amesimama akisubiri dawa ya kuku, naye akawa anasikiliza. Alipomaliza hayo, mwalimu alifungua ukurasa wenye ile sentensi moja. Hapo hakuwa amesahihisha kitu. Alikuwa amechora duara tu.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Na hakukanyagwa na ng'ombe."

Nilimletea kiti. Mume wangu akamhudumia mtu wa kuku, akatoka nje akajifanya anapanga magunia.

Mwalimu alisema familia yao iliambiwa kwamba ng'ombe walimkanyaga kaka yake pamoja na gitaa lake, na kwamba gitaa lilisagika vipande vipande, hakikubaki hata cha kuweka juu ya kaburi. Gitaa hilo alikuwa analijua sana. Liliwahi kudondoka likapasuka ubavuni, na kaka yake aliliziba kwa kipande cha bati la kopo la maziwa, akakikata kwa umbo la jani la mgomba kwa sababu alikuwa mtu wa mapambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia bati hilo wakati anakata. Kisha akafunua ukurasa wenye picha, ile kubwa. Ubavuni mwa gitaa la yule mpiga gitaa wa pili, juu ya mapaja yake, kulikuwa na kiraka kilichong'aa chenye umbo la jani.

Nilikuwa nimeitazama picha ile labda kuliko mtu yeyote duniani. Niliichagulia ukurasa, niliiandikia maelezo, nilimgombeza mchapaji kwa kuifanya nyeusi mno. Nilikuwa nimedhani ni mwanga wa jua.

Aliuliza nitafanya nini. Nilimwambia nitalifikiria. Akasema afadhali nifikirie haraka, maana waliobaki ni wazee, akanunua mbegu za kabichi na kuondoka.

Nililifikiria, na nilichofanya ni kuandika riwaya. Nilijiambia kwamba riwaya itanifungulia njia. Ukweli ni kwamba wale wazee walikuwa marafiki wa baba, waliobeba jeneza lake, na sikuwa na hamu ya kwenda kwao tena na simu yangu kuwauliza mlidanganya nini. Kwenye riwaya hakuna wa kumuuliza. Nilitunga habari ya mke wa mwenye duka aliyependana na mpiga gitaa, na mumewe akamuua mpiga gitaa huyo kwa wivu. Ili muuaji asifanane na mtu yeyote ninayemjua, nilimpa mguu mbovu. Nilikuwa nimemsahau fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye huchechemea. Kitabu kilipotoka alivuka barabara akaniuliza, kwa upole kabisa, amenikosea nini.

Lakini huyo hakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba mimi ni mke wa mwenye duka. Wanawake wa kikundi chetu cha kanisa walimletea mume wangu mkungu wa ndizi. Wafugaji waliokuja kununua dawa walimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida na kumwambia wako pamoja naye. Yeye aliwashukuru wote. Mchungaji alipopita kuuliza kama nyumbani kuna amani, mume wangu alimjibu kwamba amani ipo, ila sukari imekwisha, na mchungaji alirudi kesho yake na kilo mbili za sukari. Usiku huo nilimuuliza mume wangu kwa nini hawaambii watu kwamba ile ni hadithi tu. Akasema anawaambia. Wanamwambia ana moyo mkubwa.

Mwalimu alirudi duka lilipokuwa limejaa. Safari hii riwaya ilikuwa na wino mwekundu kidogo tu, na alianza kwa kunisifu. Alisema ni tamu, alilia mahali pawili. Kisha akasema kaka yake hakuwahi kuwa na mke wa mtu. Alikuwa na aibu kiasi kwamba alipiga gitaa akiwa amewapa watu mgongo.

"Umempa mapenzi, nakushukuru," alisema. "Sasa mpe kifo chake."

Watu dukani waligeuka kunitazama. Nilisikia haya, na nadhani haya hiyo ndiyo iliyonisukuma kuliko ujasiri wowote. Nilimwambia tutaanza wiki hiyohiyo, naye akasema ataongozana na mimi, popote nitakapokwenda.

Tulianzia kwao Songambele, kwa wenye ng'ombe. Familia iliyolaumiwa ilikuwa bado ipo, wafugaji Wakristo walioacha kuhamahama zamani, wenye nyumba ya bati pembeni mwa rweya, yaani lile eneo wazi la majani ambako hawalimi. Aliyekumbuka alikuwa bibi mmoja ambaye wakati ule alikuwa mke mgeni katika nyumba hiyo, aliyeolewa karibuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alizungumza na mwalimu kwa Kinyambo, na mwalimu akanigeuzia, akisahihisha mpangilio wa matukio alipoona bibi anaruka mbele.

Bibi alisema usiku wa harusi ile ukungu ulishuka mzito, na kwa sababu hiyo ng'ombe hawakutolewa alfajiri. Walikuwa zizini wote mpaka jua lilipotoka. Yeye ndiye aliyekuwa amelala karibu na zizi, kwa kuwa kulikuwa na ndama mgonjwa. Alisikia gari likiwashwa, likazimwa, kisha watu wakisema kwa sauti za chini. Kulipokucha marehemu akaonekana kwenye majani, mahali ng'ombe hupita kwenda kunywa maji, na kila mtu akasema ng'ombe. Bibi alimwambia baba mkwe wake habari ya gari. Baba mkwe akamwambia mke mgeni hana masikio. Ili mambo yaishe, wakalichinja dume lao kubwa, kwamba ndilo lililoua.

Nilimuuliza kama ana neno la kuongeza. Alifikiri, akasema ndiyo. Akataka niandike kwamba lile dume lilikuwa jekundu lenye paji jeupe, na lilikuwa pole sana, watoto walilishika mkia.

Tulirudi barabarani. Mwalimu akauliza gari la bendi lilikuwa likiendeshwa na nani. Alijua jibu, lilikuwa kitabuni. Nadhani alitaka niseme mimi.

Tulimkuta mzee dereva nyumbani kwake Ihembe, amekaa barazani akimenya ndizi na mkewe. Aliponiona nimeongozana na mwalimu alisimama, akanawa mikono, akamwomba mkewe atuachie nafasi. Nilimwamkia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, namna ya kuzunguka na kufika taratibu, jinsi mtu anavyowauliza wazee. Sikuyahitaji. Alimtazama mwalimu na kusema kwamba anafanana na kaka yake kwenye paji la uso, kisha akanigeukia.

"Nilikupa picha," alisema. "Nikadhani utaona."

Nikamwambia sikuona. Akasema basi, wala si neno, na akaanza kusimulia bila kuulizwa, sauti yake ileile aliyoitumia kunisimulia habari za tope na pancha.

Harusi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamechoka na wamekunywa rubisi, pombe ya ndizi, kama kila mtu. Ukungu ulikuwa unaficha hata mkono. Walipakia vyombo, yeye akawasha gari arudi nyuma kidogo ili ageuze, akahisi gurudumu limepanda kitu. Alidhani ni gogo. Mpiga gitaa alikuwa amejilaza chini kwenye majani, nyuma ya gari, kusubiri, na usingizi ulikuwa umemchukua. Walipomtoa alikuwa bado anapumua. Aliuliza gitaa lake liko wapi. Dereva alimwambia lipo ndani ya gari, zima kabisa. Akasema sawa. Hakusema kingine.

Mwalimu aliuliza alikaa muda gani hivyo. Mzee akasema si muda mrefu. Mwalimu akauliza kama alilia. Mzee akasema hapana, alikuwa kama mtu anayetaka kurudi kulala.

Baada ya hapo wakakaa kwenye ukungu wakijadiliana. Pikapu haikuwa yao, ilikuwa ya mfanyabiashara aliyewaazima. Yeye dereva alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Mmoja alitaka wakaite watu, mwingine akataka waondoke. Hapo mzee alinitazama, akatazama mikono yake.

"Baba yako ndiye aliyesema ng'ombe. Alisema ng'ombe hafungwi."

Niliendelea kushika simu mbele yake, kwa kuwa ilikuwa inarekodi. Nakumbuka nilitazama zile namba zinazosogea. Nilimfikiria baba akiwa kijana kwenye ukungu, mwenye akili ya haraka kuliko wenzake, anayepata suluhisho. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Watu walikuja nyumbani kwetu wakiwa na kesi za mipaka ya vibanja, naye alipata neno la kuzimaliza kabla chai haijapoa. Walimbeba mwenzao mpaka njia ya ng'ombe, wakaapa pale, wakaondoka. Gitaa walilificha mwezi mmoja au miwili, kisha likarudi jukwaani, kwa sababu hawakuwa na jingine.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Alisema aliapa mbele ya baba yangu, na baba yangu alikuwa jirani yake, walikuwa wakionana kila siku. Baba alipokufa alijiona ameachiwa, lakini kwenda kugonga mlango wa watu na kusema habari kama hiyo hakuweza. Alikuwa anangoja mtu amuulize. Alikuwa ameona vijana wakikua, wakioa, wakihamia Bukoba na Mwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwalimu alisimama. Niliogopa atafanya jambo. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akamrudishia mzee kikombe mkononi kwa mikono miwili kama inavyopasa kwa mtu mzima, na tukaondoka. Njiani aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kusikia habari ya mauaji. Alikuwa amejiandaa miaka mingi. Sasa alikuwa na ajali na uongo, na hakujua avibebe vipi.

Mimi nami nilikuwa na mzigo wangu. Nilimsimulia mume wangu yote jioni ile, tukiwa tunafunga duka. Kaka yangu mkubwa anaishi Mwanza na jina la baba kwake ni kitu kitakatifu. Nilisema labda niandike kwamba mmoja wa wanamuziki ndiye aliyetoa wazo la ng'ombe, bila kusema ni yupi. Mume wangu alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akasema nikiandika hivyo kila familia ya wanabendi itanijia kuuliza kama ni mzee wao, na itabidi niwaambie siyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki wa kwangu. Afadhali niseme tangu mwanzo.

Nilimpigia kaka simu nikamwambia kabla sijaandika neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mzee yule dereva amezeeka na amechanganyikiwa. Nilimwambia habari ya bibi wa zizini na ya gitaa. Akasema kama nitaandika, nisimpigie tena.

Niliandika. Nilimsomea dereva sura yake kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, naye alibadilisha kitu kimoja tu, aina ya gari. Mwalimu alisahihisha mswada wote kwa wino mwekundu, na kwenye ukurasa wa kifo cha kaka yake alinitolea koma mbili. Kichwa cha kitabu kilisema mauaji, kwa sababu mchapaji alisema ajali hainunuliwi. Mwalimu alipinga, mimi nilipinga, mchapaji akashinda. Mpaka leo jambo hilo linanikera, na kila mteja anayechukua kitabu hicho huwa namwambia kwamba kichwa ni cha mchapaji.

Kabla hakijatoka, mzee alitaka kwenda kituo cha polisi. Watoto wake walimkatalia, mkewe alimkatalia, akavaa koti akaenda, na mimi na mwalimu tukafuatana naye. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, hajazaliwa wakati bendi inavunjika. Alimpa mzee kiti, akasikiliza hadithi yote bila kumkatiza. Kisha akaeleza kwamba kwa jinsi mambo yalivyo, kunahitajika mlalamikaji. Mwalimu akasema yeye ndiye mlalamikaji. Ofisa akamuuliza anataka mzee afanyweje.

"Nataka iandikwe," mwalimu alisema.

Ofisa aliandika. Mwalimu alisoma alichoandika, akaomba kalamu, akasahihisha mahali pawili, na ofisa hakukataa. Alituambia tutaitwa. Mzee aliuliza aje na nguo za kubadilisha siku hiyo, ofisa akasema tusubiri kwanza. Bado hatujaitwa. Kwa muda mrefu mzee alikuwa na begi dogo lililofungwa karibu na mlango, mpaka mkewe alipolifungua kwa sababu alihitaji taulo lililokuwa ndani.

Lililobaki lilikuwa la familia, na mwalimu alilipanga mwenyewe. Alimtaka mzee aje Songambele, asimame kwenye kaburi la kaka yake mbele ya ukoo, aseme kwa mdomo wake. Alisema kitabu ni kwa watu wengine. Siku hiyo tulikwenda asubuhi, mimi, mume wangu na mzee. Ukoo ulikuwa umekaa kwenye viti vya plastiki kibanjani, kati ya migomba, na yule bibi mfugaji alikuwa amealikwa pia, amekaa mbele kabisa. Mzee alivua kofia. Alisema yote kwa Kinyambo, bila kujitetea, na bila kuitaja ile pombe kama sababu. Alipofika kwa baba yangu alisema tu mwenzetu mmoja, akanitazama. Nikasimama nikasema alikuwa baba yangu.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Mjomba mmoja wa ukoo alisema maneno makali, na alikuwa na haki nayo. Mzee aliyapokea akiwa amesimama. Nilimwona mwalimu akitafuta karatasi kwenye mkoba wake, nikajua ana hotuba. Aliifunua, akaitazama, akaikunja tena.

"Ulikuwa na umri gani?" alimuuliza mzee.

Mzee alisema ishirini na mbili.

Mwalimu aliwageukia ndugu zake, kama vile anaeleza darasa, akasema huyo alikuwa mtoto, kisha akasema chakula kiko tayari. Tulikula ndizi na nyama. Mzee alikaa na bibi mfugaji, na kwa muda mrefu nilisikia wakizungumza juu ya lile dume, mzee akiomba msamaha kwa ajili ya mnyama huyo pia, na bibi akimweleza jinsi lilivyokuwa likisimama mlangoni kusubiri chumvi. Mume wangu aliingilia hapo kueleza aina za chumvi zilizopo sasa.

Kaka yangu hakunipigia mwaka mzima. Sikukuu ya Krismasi ilipita, Pasaka ikapita. Kitabu kilikuwa kimeenda mpaka Mwanza, nilijua, kwa kuwa watu wa Mwanza walinitumia ujumbe. Halafu siku moja nikiwa napima mbolea simu ikaita, na alikuwa yeye. Tuliulizana habari za watoto. Aliuliza kahawa ya Ihembe imekubali mvua, nikamwambia imekubali. Aliuliza paa la nyumba ya baba. Nikamweleza mabati mawili yalikuwa yamelegea, fundi ameyagongelea.

Nikasikia akifunga mlango upande wake. Akarudi kwenye simu.

"Nimekisoma," alisema. "Ningekuwa ninyi kwenye ule ukungu, nami ningesema ng'ombe."

Nilimwambia mimi hakuna nilichosema, nilikuwa na umri wa kwenda shule ya msingi. Akasema anajua, amekosea kusema ninyi, alimaanisha wao. Kisha akauliza kama baba aliwahi kwenda tena Songambele baada ya hapo. Nilikuwa nimewauliza wazee wote swali hilo. Nilimjibu kwamba alikwenda mara moja, kwenye ibada ya ubarikio wa mtoto wa mtu, na aliporudi mama alisema hakula kitu kule.

Kaka alisema alikuwa hajui hilo. Nikasema limo, ukurasa wa mwisho wa sura ya saba. Akasema huko hajafika, ameishia pale kwenye gari. Akaahidi kumalizia, akaniuliza bei ya mbolea, nikamtajia, akasema Mwanza ni ghali zaidi, na akaagiza mifuko miwili ipakiwe kwenye basi la kesho.